Fedha nilizotuma ng'ambo kwa benki mtandaoni zimefika pungufu: nani amezikata?

Mzazi wa Mwanachuo (swali)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Wiki iliyopita nililipa karo ya binti yangu anayesoma ng'ambo kwa kutumia huduma ya benki mtandaoni, nikajaza euro 2,000 kamili kama ankara ya chuo ilivyodai. Siku ya tatu ofisi ya fedha ya chuo ilimwandikia binti kwamba imepokea euro 1,963, na kwamba hatahesabiwa kuwa amemaliza kulipa mpaka zile 37 zifike. Benki yangu inasisitiza kuwa ilituma euro 2,000 bila kupunguza hata senti moja, na benki ya chuo nayo inasema haikukata chochote. Sioni namna wote wawili wanavyoweza kuwa wanasema kweli. Naomba mwenye ujuzi anieleze fedha hizi zimeishia wapi, kwa sababu nahofia kwamba nikituma hizo 37 kwa njia ileile, nazo zitafika pungufu.

Karani Mstaafu

Ndugu mzazi, pole kwa usumbufu. Inawezekana kabisa kwamba benki zote mbili zinasema kweli.

Neno "kutuma" ndilo linalotupotosha, kwa kuwa hakuna fedha inayosafiri. Swift, ushirika wa mabenki ulioanzishwa mwaka 1973 na wenye makao yake Ubelgiji, hupeleka ujumbe tu wala haushiki fedha za mtu. Fedha zenyewe hubadilishwa vitabuni: ikiwa benki yako ina akaunti katika benki ya chuo, kiasi kinatolewa kwenye akaunti hiyo na kuingizwa kwenye ya chuo, na kazi inakwisha. Zisipokuwa na uhusiano huo, hutafutwa benki ya tatu inayofahamiana na zote mbili, na mara nyingine hata ya nne, na kila moja kati ya hizo inaweza kujikatia ada yake kutoka katika kiasi kinachopita mikononi mwake. Ni huko katikati ambako euro 37 zako zimebaki.

Sasa kumbuka fomu uliyoijaza. Ndani yake kuna kisanduku cha kuchagua nani abebe ada, na watu wengi hukipita bila kukisoma kwa sababu benki imekwisha kuweka jibu. Alama OUR maana yake mtumaji anabeba ada zote. SHA maana yake wewe unalipa ada ya benki yako, na zinazotozwa mbele ya hapo zinamwangukia mpokeaji. BEN maana yake ada zote anabeba mpokeaji. Nadhani wewe ulikwenda na SHA. Kwa karo au ankara yoyote ambayo lazima ifike kamili, chagua OUR, ingawa benki yako itakutoza zaidi, na ingawa nimewahi kuona benki za katikati zikikata hata palipoandikwa OUR.

Iombe benki yako nakala ya ujumbe wa malipo. Makarani wengi bado wanauita MT103, japokuwa tangu Novemba 2025 malipo baina ya mabenki ya nchi mbalimbali yamehamia muundo wa ISO 20022, ambamo ujumbe huo unaitwa pacs.008. Omba pia namba ya ufuatiliaji, UETR, yenye alama 36. Kwa namba hiyo benki yako inaweza kuona malipo yalipita wapi, na mara nyingi hata kiasi kilichokatwa njiani.

Kuhusu hizo 37, usizitume peke yake kabla ya kuzungumza na chuo, kwa maana ada ya kuzituma inaweza kuzipita zenyewe.

Mwagizaji wa Vipuri

Nakubaliana na Karani, lakini ndugu mzazi, ikiwa akaunti yako si ya euro, tazama pia kiwango ambacho benki ilikubadilishia. Makato ya njiani angalau yanaonekana. Kiwango hakionekani, kwa kuwa benki huongeza faida yake humo humo na kisha kutangaza ada ndogo. Linganisha kiwango cha kwenye risiti yako na kiwango cha soko cha saa ileile: tofauti ikiwa asilimia 3, basi katika euro 2,000 umepoteza 60, kiasi kikubwa kuliko hizo 37 zinazokukosesha usingizi. Mimi huuliza swali moja tu kabla ya kubonyeza: nikitoa kiasi hiki chote, mpokeaji atapata ngapi mkononi?

Mlinzi wa Mifumo

Naongeza neno moja kwa sababu ya hizo 37. Mtu akimwandikia binti kwamba salio lilipwe kwenye akaunti mpya, msilipe kabla ya kupiga simu chuoni kwa namba mliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo katika barua pepe hiyo. Wadanganyifu hupenda kuingilia mazungumzo ya aina hii. Pia msidhani kwamba IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, ikikubaliwa na fomu basi ni salama: tarakimu zake mbili za uhakiki, zinazofuata herufi mbili za nchi, hunasa makosa ya kuandika, lakini akaunti ya tapeli nayo ina IBAN iliyo sahihi.

Mzazi wa Mwanachuo

Ndugu zangu, nashukuru kwa moyo wote. Nakala nimeipata, na ni kweli palikuwa na SHA. Benki mbili zimekata njiani, moja euro 25 na nyingine 12. Binti alizungumza na ofisi ya fedha kwa simu ya zamani kama alivyoshauri Mlinzi, nao wamekubali kuziingiza hizo 37 katika ankara ya muhula ujao, ambayo nitailipa kwa OUR. Kuhusu kiwango, Mwagizaji, nimefanya hesabu jana usiku: tofauti ilikuwa asilimia 2 na kidogo. Kabla ya muhula huo nitaziuliza benki nyingine mbili swali lako.