Nianze au nisianze The Wheel of Time? Vitabu 14! Naombeni ushauri wa haraka

Kurasa Laini (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakuu. Niende moja kwa moja. Mimi ni msomaji wa kawaida, riwaya zangu ni zile za kuanza Jumamosi na kumaliza Jumapili. Sasa kuna huu mfululizo wa fantasia wa Robert Jordan, vitabu 14, ukiongeza na kile cha utangulizi vinakuwa 15. Nimeangalia unene wake nikapata kizunguzungu. Wengine wanaapa kwamba hawajawahi kusoma kitu kitamu namna hii, wengine wanasema walipofika cha kumi walikitupa ukutani. Mliosoma, nianze au nitakuwa najitafutia kifungo? Na je, kuna namna ya kuvipitia upesi? Nina haraka kidogo. Kejeli sitaki, niko serious.

Mzee wa Juzuu
Anza, kijana. Mimi nilianza The Eye of the World enzi hizo kikiwa kitabu kipya, kilitoka 1990. Nyie mnavikuta vyote vimepangwa kwenye shelfu halafu mnauliza kama vinafaa. Sisi tulikuwa tunasubiri. Kinatoka kimoja, unasoma, unasahau nani ni nani, kinatoka kingine unarudia vyote vya nyuma. Cha 11 kikatoka 2005, mwenyewe Jordan akatuambia kinachofuata ndicho cha mwisho. 2007 akafariki. Siku ile nilikaa kimya nyumbani mpaka mke wangu akadhani nimefiwa na ndugu. Bahati nzuri aliacha maelezo mengi, na mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamkabidhi kazi Brandon Sanderson. Hicho kimoja cha mwisho kikazaa vitatu: 2009, 2010 na 2013. Kwa hiyo unaponiuliza kama inafaa kuanza, mimi hata silielewi swali.

Kobe Mwendo
Usianze. Namheshimu mzee hapo juu ila ana mapenzi. Mpaka cha sita unaruka kwa furaha, sikatai. Baada ya hapo hadithi inalala. Mke wa Perrin, mmoja wa wahusika wakuu, anatekwa mwishoni mwa cha nane, na Perrin anakuja kumkomboa cha 11! Na kile cha kumi, cha 2003, ndiyo usiniambie. Cha tisa kimeishia kwenye tukio zito ajabu, unafungua cha kumi una kiu, unakuta kurasa kwa kurasa za watu wengine walikuwa wapi na wanafanya nini wakati tukio lile linatokea. Ni kama kuhadithiwa mechi uliyokwisha kuiona, tena na mtu aliyekuwa nje ya uwanja.

Nanga
Kobe asante sana kwa kutuharibia utamu. Mimi ndio kwanza niko cha tano, sikujua hata kama Perrin mkewe atatekwa.

Kobe Mwendo
Mkuu, kitabu kina zaidi ya miaka ishirini na tano. Hiyo si siri tena, ni historia.

Sauti ya Busara
Vijana mnasikitisha. Kurasa elfu kumi na zaidi za wachawi na mazimwi! Muda huo mtu angejifunza lugha mpya, angesoma sheria, angesoma uhasibu. Soma vitabu vitakavyokujenga.

Nanga
Mazimwi yako wapi humo, mzee? Umesoma hata jalada?

Shoka Butu
Achana na Jordan, anza na Malazan ya Steven Erikson. Vitabu kumi tu, cha kwanza 1999, cha mwisho 2011, na mwandishi amevimaliza kwa mkono wake mwenyewe. Hakubembelezi. Ukurasa wa kwanza unatupwa katikati ya vita, hujui nani adui wala mungu gani kamkasirikia nani. Mimi nilielewa kinachoendelea kitabu cha pili, nikarudi kusoma cha kwanza upya.

Bi Msuko
Shoka, hajauliza hilo. Na ungekuwa unamtakia mema usingemsifia kitabu kwa kumwambia hataelewa kitu.
Mwanzisha uzi, mimi nimesoma vyote na nimerudia. Ila kuna jambo linanitatiza. Umesema una haraka. Haraka ya nini? Hakuna mtu anayeingia kwenye vitabu 14 kwa haraka. Hapo pana kitu umekifunika.

Kurasa Laini
Hapana dada, ni mambo ya ratiba tu. Nilitaka kujua kama mtu anaweza kusoma mihtasari ya vile vya katikati, halafu akasoma kile cha mwisho chenyewe. Nimeona watu wanafanya hivyo.

Baba Wawili
Uzuri wa huo mfululizo ni kwamba una mwisho. Mimi nina kidonda cha George R. R. Martin, yule wa Game of Thrones. A Dance with Dragons, cha tano, kilitoka 2011, nikakimaliza nikiwa nambembeleza mtoto mchanga alale, kitabu mkono huu, mtoto mkono huu. Leo mtoto huyo sauti imeanza kukwaruza na cha sita bado nakisubiri. Patrick Rothfuss naye cha pili alikitoa mwaka huohuo, 2011, cha tatu kimya. Nikajiapiza: sigusi tena mfululizo ambao mwandishi hajaumaliza.

Mzee wa Juzuu
Sote tungejiapiza hivyo mwaka 1990, nani angemnunulia Jordan cha pili? Wachapishaji wanaangalia mauzo ya cha kwanza.

Baba Wawili
Mzee, nimeshatoa mchango wangu. Wengine nao wasubiri kwa zamu.

Nanga
Turudi kwenye haraka. Mkuu Kurasa, funguka. Swali la Bi Msuko umelikwepa waziwazi.

Kurasa Laini
Haya. Msinicheke. Kuna dada mmoja, tunaelewana vizuri sana, mambo yako pazuri. Yeye ni mpenzi wa fantasia. Mwanzoni kabisa mwa kufahamiana kwetu aliniuliza kama naijua The Wheel of Time, nikamwambia nimesoma vyote. Naye akaanza kusoma, sasa yuko cha saba. Kila akikwama ananiuliza huko mbele kunaendaje, mimi namwambia vumilia, kunanoga. Juzi ameniambia akimaliza cha mwisho anataka tukae tukichambue wawili, sura kwa sura. Ndiyo maana.

Kobe Mwendo
Ngoja. Wewe ndiye unayemwambia avumilie mpaka cha kumi, na wewe hujasoma hata kimoja?

Kurasa Laini
Sikumwambia uongo wa maana. Vitabu ni vizuri, mnasema wenyewe. Ningemwambia ukweli asingevianza, na sasa anavifurahia. Halafu si kwamba sijui kitu. Nimeangalia tamthilia ya Amazon iliyotokana na vitabu hivi, misimu yote mitatu. Hata nilimwambia pale Perrin anapomuua mkewe kwa bahati mbaya nilishindwa kulala.

Bi Msuko
Ulimwambia hivyo?

Kurasa Laini
Ndiyo. Kwani vipi?

Bi Msuko
Yule mke yuko kwenye tamthilia tu. Kwenye vitabu Perrin anaondoka kijijini kwao akiwa kijana asiye na mke. Anaoa kitabu cha nne, na huyo anayemuoa ndiye anayekuja kutekwa. Mtu aliyefika cha saba analijua hilo vizuri. Alikujibuje?

Kurasa Laini
Alicheka kidogo akasema, "Kweli, inasikitisha."

Nanga
Nimeanguka kwenye kiti.

Shoka Butu
Kaka, umeshakamatwa zamani. Unaishi kwa dhamana.

Mzee wa Juzuu
Na tamthilia yenyewe ilianza 2021, ikafutwa 2025 hadithi ikiwa imefika kama kitabu cha nne. Kwa hiyo ulichonacho ni chini ya theluthi, tena iliyochakachuliwa.

Sauti ya Busara
Uhusiano uliojengwa juu ya uongo hauna msingi. Mwambie ukweli leo.

Kurasa Laini
Nitamwambia nikishasoma. Ndiyo maana kile cha 14 nimeshakinunua. Nimeanza na cha mwisho kwa sababu ndicho tutakachokijadili. Vya nyuma nitapitia mihtasari.

Mzee wa Juzuu
A Memory of Light uanze nacho? Sura ya 37 peke yake, ile ya Vita vya Mwisho, ni ndefu kama riwaya nzima. Majeshi, makamanda, watu wamekupitia mikononi tangu wakiwa watoto wa kijijini, wanaanguka mmoja mmoja. Mimi niliisoma usiku kucha, kuna kifo kimoja pale sikitaji jina, nilifunga kitabu nikatoka nje. Wewe utakuwa unasoma orodha ya majina ya wageni.

Kurasa Laini
Mzee, na mimi nijitetee kidogo. Mnasema nisiruke, lakini vya katikati hata nyie mnavilalamikia. Hebu fikiria cha saba: watu wanazunguka mji wa Ebou Dar sura baada ya sura wanatafuta lile bakuli la kurekebisha hali ya hewa, joto linawachoma, Nynaeve kavuta msuko wake mpaka unajiuliza nywele bado ziko kichwani, na wanaume wote wanasema hawawaelewi wanawake, Rand, shujaa mwenyewe, anadhani rafiki yake Perrin anawaelewa, Perrin anadhani ni rafiki yao Mat. Mtu mwenye akili zake ataruka tu.

Daftari Jeusi
Nimesoma uzi huu kimyakimya tangu juu. Sasa naomba kuuliza. Ujumbe wa kwanza huyu mtu alikuwa hajui hata jina la kile cha utangulizi. Akatuambia anachokijua ni tamthilia, na tamthilia haikufika huko Ebou Dar. Sasa hivi anatusimulia kero za kitabu cha saba kwa uchungu. Uchungu ule haupatikani kwenye muhtasari. Muhtasari utakwambia "wanatafuta bakuli". Hautakwambia joto, hautakwambia msuko, hautakwambia ule utani wa wanaume watatu.
Hii ni chai. Ila siyo chai ya kawaida. Mimi naona hapa hakuna kaka aliyedanganya. Kuna dada yuko cha saba, kachoka, kuna mtu kamwambia "vumilia, kunanoga", halafu mtu huyohuyo kamtajia mke wa Perrin. Amekuja kuvaa ukaka ili atusikie tunasemaje.

Nanga
Mungu wangu.

Shoka Butu
Daftari umeua. Nilikuwa najiandaa kumpa mbinu za kudanganya, kumbe ningempa mlalamikaji.

Kobe Mwendo
Hata mimi nilishangaa. Mwanaume gani anakumbuka neno kwa neno alivyojibiwa, na kile kicheko kidogo?

Bi Msuko
Kobe hiyo si hoja, acha. Ila ya Daftari ni hoja.

Kurasa Laini
Ebou Dar nimeiona mtandaoni. Watu wanailalamikia sana. Na yeye huwa ananisimulia. Daftari unapenda sana kujifanya mpelelezi. Ningekuwa mimi ndiye huyo dada, ningehitaji ushauri gani kwenu?

Daftari Jeusi
Ndicho ninachokuuliza.

Baba Wawili
Mimi nilidanganya hivyohivyo na mamsapu wangu, siyo kwa vitabu, kwa muziki. Ila hiyo ni hadithi ndefu, nitafungua uzi wake.

Bi Msuko
Dada au kaka, vyovyote ulivyo, nitajibu upande wa vitabu maana huo hauna jinsia. Kama uko cha saba na umechoka, hujakosea, hata sisi tunaovipenda tunachoka pale. Usivumilie kwa sababu mtu kakwambia kunanoga. Soma mpaka mwisho wa cha tisa, yaani ruhusu macho yapite haraka kwenye cha nane, halafu ule mwisho wa cha tisa usome taratibu. Cha kumi hata ukisoma muhtasari sitakusema. Kuanzia cha 11 mwandishi anashika usukani tena, na unapofika kwa Sanderson mwendo unabadilika, lugha yake ni nyepesi zaidi, Mat anakuwa na utani wa namna nyingine kidogo, utazoea. Na kama ndiyo unaanza, anza na cha kwanza. Soma mpaka cha nne. Kuna sura mbili mule, Rand akiwa mji wa Rhuidean, anaona maisha ya mababu zake yakirudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Zisipokushika hizo, weka kitabu chini, mfululizo huu si wako.

Mzee wa Juzuu
Naunga mkono, isipokuwa kile cha utangulizi, New Spring cha 2004, asome kwanza. Kifupi, kinawatambulisha Moiraine, yule mwanamke mwenye nguvu za uchawi, na mlinzi wake Lan.

Bi Msuko
Mzee, hapo hapana. Asome baada ya cha kumi, kama kilivyotoka. Ukianza nacho unamuua Moiraine wa kitabu cha kwanza. Raha yake yote ni kwamba hujui kama umwamini.

Mzee wa Juzuu
Mimi mjukuu wangu nilimwanzisha nacho na akapenda.

Kobe Mwendo
Mjukuu wako amefika kitabu cha ngapi?

Mzee wa Juzuu
Cha pili. Ana shule.

Kurasa Laini
Samahani kuwakatiza. Cha saba kimeisha. Sasa kuna swali: hiki cha nane niko nusu na Mat sijamwona. Yuko wapi?

Daftari Jeusi
"Niko nusu." Sina la kuongeza, mheshimiwa hakimu.

Mzee wa Juzuu
Hayumo. Mwishoni mwa cha saba jengo lilimwangukia, na cha nane kizima hayumo. Utampata cha tisa.

Nanga
JAMANI MIMI NIKO CHA TANO.

Kurasa Laini
Asante mzee. Nimeshamjibu hivyohivyo.