Nani anastahili kumchunguza kwanza mgonjwa wa dharura?

Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kikaongeza kwamba hospitali inayokosa kutoa matibabu hayo ilhali ina uwezo inaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Kifungu hicho kinaeleza hata yaliyomo katika matibabu ya dharura: huduma anayopewa mgonjwa kabla ya kufika hospitalini, kuimarisha hali yake, na kumpangia uhamisho iwapo kituo alichofikia kwanza hakina uwezo. Hakitaji, hata hivyo, ni mhudumu yupi, mwenye mafunzo gani, anayeruhusiwa kumchunguza mgonjwa na kuamua kwamba hii ni dharura au si dharura. Hilo ndilo ningependa tulijadili, kwa sababu haki yote iliyoandikwa katika Katiba hupitia mikononi mwa mtu huyo mmoja. Akishasema si dharura, mgonjwa atarudishwa kwenye foleni, au ataelekezwa kwa karani wa malipo, au ataambiwa ajaribu hospitali nyingine, na kwenye karatasi hakuna sheria itakayoonekana kuvunjwa.

Msimamo wangu ni kwamba kila hospitali yenye idara ya dharura ilazimishwe kuwataja kwa maandishi, kwa uamuzi wa bodi yake, wahudumu wanaoruhusiwa kufanya uchunguzi huo wa kwanza, aina ya wagonjwa ambao kila kada inaweza kuwachunguza, na mafunzo ambayo ni lazima wawe wameyapata. Sidai kwamba wote wawe madaktari.

Wapo wanaodai hivyo, na hoja yao si nyepesi, kwa kuwa kosa linalofanyika mlangoni hufuatana na mgonjwa hadi wodini na mara nyingine hadi kaburini. Lakini tuangalie hali ilivyo. Katika hospitali nyingi za kaunti ndogo, anayempokea mgonjwa saa nane usiku ni afisa wa kliniki, aliyesomea diploma kwa miaka 3 na kufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini, ama ni muuguzi aliye zamu huku daktari akiwa kwenye upasuaji au akisubiriwa kutoka nyumbani. Sheria ya kusema daktari peke yake ndiye achunguze ingevunjwa kila usiku, na sheria inayovunjwa kila usiku haimlindi mgonjwa. Isitoshe, daktari aliyemaliza chuo mwaka jana na ambaye hajawahi kufunzwa huduma za dharura hana hakika ya kumshinda afisa wa kliniki aliyefanya kazi kasualti, yaani idara ya dharura, kwa miaka mingi.

Wengi, wakiwemo wasimamizi wa hospitali, huchanganya kazi mbili ambazo mafunzo yake hayafanani. Kazi ya kwanza ni triaji, yaani kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Mfumo ulioanzia Afrika Kusini, ambao umeigwa katika nchi kadhaa za bara letu, unamwongoza muuguzi apime kasi ya kupumua, mapigo ya moyo, presha, joto, kiwango cha fahamu na uwezo wa kutembea, aongeze dalili chache za hatari, kisha ampe mgonjwa rangi: nyekundu ahudumiwe papo hapo, rangi ya machungwa ndani ya dakika 10, manjano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa 4. Ni kazi nzuri na inaokoa maisha, lakini inajibu swali moja tu, la nani atangulie. Kazi ya pili, yaani uchunguzi wenyewe, inajibu swali la kama mtu huyu ana hali inayoweza kumuua au kumlemaza asipotibiwa sasa. Mwanamke kijana aliye na mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba anaweza kuingia akitembea kwa miguu yake, presha yake ikiwa ya kawaida, kwa kuwa mwili wa kijana hustahimili upotevu wa damu kwa muda kabla presha haijashuka ghafla. Vipimo vya mlangoni vinaweza kumpa kijani au manjano. Anayemwokoa ni yule atakayemuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, akaligusa tumbo, akaagiza kipimo cha mimba na picha ya altrasaundi, na akatambua kwamba maumivu ya bega katika hali hiyo yanaweza kuwa ishara ya damu iliyomwagika tumboni. Hospitali inayomrudisha nyumbani mgonjwa kama huyu kwa sababu triaji ilimpa kijani haijamchunguza.

Wenzetu wa Marekani walilikabili jambo hili katika sheria ya mwaka 1986 inayojulikana kwa kifupi chake, EMTALA, iliyotungwa baada ya hospitali kuzoea kuwasukumia hospitali za umma wagonjwa wasio na bima. Hospitali yenye idara ya dharura inayopokea fedha za bima ya umma ya Medicare inalazimika kumchunguza yeyote anayefika kuomba huduma, bila kumchelewesha kwa maswali ya malipo. Kanuni zake zinataka uchunguzi huo ufanywe na mtu aliyetambuliwa kuwa na sifa katika hati rasmi za hospitali, si mtu aliyeteuliwa kwa mdomo na msimamizi wa zamu, na miongozo yake inaeleza kwamba triaji peke yake haitoshi. Kada zisizo za udaktari hazikufungiwa mlango. Tangu mwaka 2006, kwa mfano, mkunga muuguzi au mhudumu mwingine mwenye sifa anaweza kuthibitisha kwamba uchungu anaousikia mjamzito si wa kujifungua, jambo ambalo awali lilihitaji daktari. Lakini mhudumu asiye daktari anapotaka kuidhinisha uhamisho wa mgonjwa ambaye hali yake haijatulia, ni lazima ashauriane na daktari, daktari akubali, na baadaye atie saini. Udhaifu ninaouona huko ni kwamba hospitali imeachiwa kwa kiasi kikubwa uamuzi wa nani ana sifa. Sisi tungeweka kiwango cha chini cha taifa, na hospitali iruhusiwe kukipandisha tu.

Kiwango hicho hakihitaji kubuniwa upya. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, lilitoa kozi ya huduma za msingi za dharura inayofundishwa kwa takribani siku 5, iliyoandaliwa kwa ajili ya wahudumu wa vituo vyenye vifaa vichache na iliyojaribiwa Uganda, Tanzania na Zambia. Inafundisha namna ya kumkagua mgonjwa kwa utaratibu, kuanzia njia ya hewa, kupumua na mzunguko wa damu, kisha majeraha, shida ya kupumua, mshtuko wa mwili (damu inapokosa kufika viungoni vya kutosha) na mabadiliko ya fahamu. Tanzania imekwenda mbali zaidi kwa upande wa mabingwa, kwani Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianzisha mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura mwaka 2010. Kozi ya siku 5 haimfanyi mtu kuwa bingwa, na ujuzi usiorudiwa hupungua, kwa hiyo cheti kiwe na muda wa kumalizika. Vilevile, desturi ya kumhamishia muuguzi kasualti kutoka wodi nyingine kwa sababu tu kuna pengo kwenye ratiba ikome kabisa.

Wamiliki wa hospitali za binafsi husema gharama itawalemea. Lakini tumeshaona yanayompata mgonjwa anayekosa pa kupokelewa: mwezi Oktoba 2015, jijini Nairobi, mtu aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na baadaye akafariki. Tangu wakati huo, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 imeanzisha hazina ya kugharimia dharura na magonjwa mahututi. Basi mjadala wa fedha uelekezwe kwenye hazina hiyo kulipa kwa wakati, usielekezwe kwa mgonjwa aliye mlangoni.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la wauguzi na maafisa wa kliniki wenyewe, wanaohofia kwamba wakiandikwa majina watabebeshwa lawama za mfumo mzima. Ninaamini hati hiyo itawakinga, kwa kuwa leo wanaamua bila maandishi yoyote, na jambo likiharibika hospitali inaweza kusema walijitwalia mamlaka. Hati inayosema muuguzi huyu ameruhusiwa kuchunguza hali hizi, na kwa hali zile ni lazima ampigie daktari aliyetajwa kwenye orodha ya zamu, inamwajibisha pia daktari asiyepokea simu na bodi isiyotoa mafunzo. Wenye maoni tofauti, hasa mlio kazini kasualti, naomba mnieleze: katika zamu yenu ya usiku wa leo, ni nani anayefanya uamuzi huo, na ni hati gani inayompa ruhusa?