Hivi shule ya kata inafeli yenyewe au tunapima watoto waliobakia?

#1
Wakuu salama? Kila matokeo ya fomu foo yakitoka kuna kamchezo haka haka, mtu anaingia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, anafungua shule ya kata (sekondari ya serikali) ya mtaani kwake anahesabu ziro, yaani waliofeli, na divisheni 4, ufaulu wa chini kabisa, halafu anahitimisha, shule mbovu hii, walimu wanalala. Mimi naishi Goba hapa Dar mwaka wa tisa sasa na nataka tubishane kwenye hili: zile namba zinakwambia zaidi nani kaingia darasani kuliko alichofundishwa humo.

Chukua Goba yenyewe. Ukipita barabarani unaona mageti, fensi za umeme, magari mawili mawili, mgeni anaweza kudhani shule ya serikali ya huku imejaa watoto wa hao wenye mageti. Thubutu! Saa 11 na nusu alfajiri mabasi ya njano yameshawazoa kuwapeleka English medium, shule za kulipia za Kiingereza. Anayebaki kwenda kata ni mtoto wa mlinzi, wa fundi, wa bodaboda, wa mama ntilie, na wale ambao familia nzima inalala kwenye pagale la mtu wanalilinda mpaka mwenyewe apate hela ya kupaua. Mtaa wa kishua, shule siyo ya kishua, na hakuna karatasi ya matokeo inayoonyesha hilo.

Halafu hata hao wa msingi za serikali wakimaliza la saba, waliofaulu sana wanachukuliwa shule za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato huko. Sipingi. Ila ukishachagua embe zilizoiva ukaondoka nazo usirudi kumsema muuza kwamba za kwake mbichi.

NECTA wenyewe Januari 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, hoja ikiwa watoto wanasoma mazingira tofauti kwa hiyo kuwapanga mstari mmoja hakuna tija. Watu wakalalamika weee. Mimi naona waliishia njiani. Matokeo ya la saba wanayo, ya fomu tuu wanayo, ya fomu foo wanayo, mtoto ni yule yule, si waseme tu shule hii ilipokea watoto wa C ikawafikisha wapi? Aliyepokea wa A watupu akatoa divisheni 1 tupu kafanya nini cha ajabu?

#2
Mkuu hoja unayo ila unawapa walimu wenzangu kichaka cha kujificha. Nafundisha kata huku pembezoni mwa Temeke. Tuna shule mbili zimekaribiana, watoto ni wa mitaa ile ile, wanacheza mpira uwanja mmoja, ila moja ziro zake unahesabu kwa vidole na nyingine usiseme. Tofauti ni mkuu wa shule. Yule mmoja vipindi vinaingiwa, mchana kuna makande, fizikia hakuna mwalimu akatafuta kijana wa kujitolea wanamchangia nauli. Na hiyo nayo utasema ni aina ya watoto?

#3
Ticha, na hayo makande na hiyo nauli ya kijana inatoka wapi? Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 shule inasubiri ruzuku, mchango ni wa hiari, na hiari ya mtu aliyepanga chumba kimoja na watoto wanne wote tunaijua. Hapo mkuu wa shule anaweza kuwa malaika asifike popote.

#4
Kaka zangu mnaongea namba, mimi naongea miguu. Niko Mabwepande, wengi wetu tuliletwa huku baada ya yale mafuriko ya Desemba 2011, tulikuwa mabondeni katikati ya jiji tukatupwa porini. Binti yangu anatoka alfajiri giza bado, daladala likija konda anaangalia sare tu, nauli ya mwanafunzi 200, anampakia mmoja mlango unafungwa. Anafika kipindi cha pili kimeanza, jioni hivyo hivyo. Kasoma la kwanza mpaka la saba Kiswahili, kuingia fomu wani kila kitu Kiingereza, anakaa kwenye mtihani mmoja na mtoto aliyeanza Kiingereza akiwa chekechea. Mimi si msomi lakini hiyo mbio gani.

#5
Visingizio. Sisi tulisoma kwa koroboi. Simu na kubeti ndio vinamaliza hawa watoto.

#6
Wa koroboi mlikuwa wangapi mliofika fomu foo enzi hizo? Kabla ya shule za kata za MMES, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanzia 2004 wengi waliishia la saba, kwa hiyo hawakuwa na matokeo ya kufeli. Na kama unaamini namba sana kumbuka matokeo ya fomu foo ya 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa ziro, Mei 2013 serikali ikafuta ikaagiza yapangwe upya, ufaulu ukapanda. Watoto wale wale, karatasi zile zile.

#1
Mwalimu wa Temeke nimekuelewa na nakupa pointi, nilitupa lawama zote nje ya geti la shule. Ila mfano wako ndio ninaoutaka kabisa, watoto wa mtaa mmoja walioingia na alama zinazofanana halafu shule moja inawabeba nyingine inawaangusha, hapo ndipo mkuu wa shule abanwe. Wewe umejua kwa sababu uko hapo. Mzazi anayesoma orodha hawezi kujua, anaona tu zote mbili ziko chini ya shule ya ada ya milioni kadhaa ambayo mtoto asipofikisha wastani anaambiwa atafute pa kwenda kabla ya mtihani. Hilo limemtokea mtoto wa jirani yangu.

Dada wa Mabwepande hilo la konda sikuliweka na nilipaswa kulianza nalo, maana hapo hata mwalimu awe nani anamfundisha mtoto asiyekuwepo.

Na kabla hamjaniuliza, ndiyo, wa kwangu anapanda basi la njano. Mwakani la saba, na mama yake neno kata hataki hata kulisikia.