Vifaranga wa sato wanapinda mgongo, niongeze mafuta?

mfugaji_magu: Wakuu, habari. Nafuga sato bwawani huku Magu. Chakula natengeneza mwenyewe: dagaa wa kusaga, pumba laini za mpunga, mashudu ya alizeti na unga wa mhogo. Vifaranga wa safari hii wengi wana kibyongo, wengine mkia umekwenda upande. Jirani anasema mifupa haijakaza kwa sababu chakula hakina mafuta, nitie ya samaki. Kweli?

baba_vizimba: Hiyo mbegu mkuu. Ndugu wamezaana. Badilisha wazazi.

mama_pelleti: Mbegu inawezekana, ila kabla hujauza wazazi, fungua gunia la pumba, chota ya katikati, nusa. Halafu pasua dagaa mmoja: tumboni kama amekuwa wa manjano-kahawia, mafuta yameshachacha.

Pumba za mpunga zina mafuta mengi, na zikitoka tu mashineni kimeng'enya chake kinaanza kuyavunja. Ya dagaa ndiyo omega-3, aina ya mafuta inayoharibika upesi kuliko zote. Mafuta yaliyochacha yanamaliza vitamini E na C. Sato hajitengenezei C, na bila C hakuna kolajeni, ile nyuzi ambayo madini ya mfupa hushikilia. Mgongo unakosa wa kuushika.

Ukiongeza mafuta hapo unazidisha balaa. Sato si samoni, yule samaki wa maji baridi anayehitaji omega-3. Anachodai zaidi ni omega-6, na alizeti yako inayo. Wala usidanganywe na mafuta ya ini la samaki, yana vitamini A nyingi, nayo ikizidi inapindisha.

Madini sina wasiwasi nayo sana: kalsiamu anaivuta majini kwa matamvua, fosforasi ipo kwenye mifupa ya dagaa.

mfugaji_magu: Dada, nimefungua. Linanuka kama rangi ya mafuta ya kupaka milango!

mama_pelleti: Basi hilo usiwape. Chukua pumba siku inayokobolewa, zikaange kidogo kwenye sufuria kavu, kimeng'enya kife. Dagaa nunua waliokaushwa juu ya kichanja, wa mchangani hukauka polepole. Tengeneza chakula kidogo kidogo, magunia yakae juu ya mbao, kivulini. Kwenye premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini wa kutia kwenye chakula, ulizia vitamini C iliyokingwa, ya kawaida hufa stoo.

mfugaji_magu: Na hawa waliokwisha kupinda?

mama_pelleti: Hawanyooki. Wakikua kula, nyama haina neno. Ila usimuuzie mtu kama mbegu, kaka.

baba_vizimba: Na wazazi mbadilishe hivyo hivyo 😀