Wauza magome ya dawa za ngozi wazuiwe mpaka zipimwe?

Kipusa: Sheria ya tiba asili ipo tangu 2002. Ila pita Kariakoo uone: unga wa magome kwenye nailoni, jina la mti hakuna, tarehe hakuna. Unaambiwa tu "paka kutwa mara mbili". Wazuiwe au waachwe?

Babu_Kifua: Waachwe! Bibi yangu alichemsha gome la mwarobaini, tukaogeshwa, upele ukakauka. Hakuomba kibali cha mtu.

mfamasia_mdogo: Babu, kukausha ni kazi ya tanini, kemikali ya kwenye magome. Inabana protini za juu ya ngozi, majimaji yanakata. Kidonda kinachotoa maji, sawa. Ukurutu mkavu je? Unazidi kupasuka. Hata asidi salisiliki ya kwenye Whitfield, ile dawa ya kupaka ya fangasi, ina undugu na gome la mti wa Ulaya, willow. Ila ile imepimwa, asilimia 3. Ya kwenye nailoni nani kapima?

Babu_Kifua: Kweli wewe mdogo. Ulaya wakichemsha gome ni sayansi, bibi yangu akichemsha ni ushamba?

Chuma_Tandika: Tuache unafiki. Magome hayana shida, shida ni wadada wa Sinza wanaochanganya na mkorogo wa kujichubua, halafu uso ukibabuka lawama kwa Mmasai muuza magome.

MamaShani: Wadada wa Sinza wamekukosea nini? Wanunuzi wa mkorogo wengine ni wanaume, tunawajua kwa vidole: uso Ulaya, vifundo vya vidole Tandika.

Chuma_Tandika: Tandika tena? Imeingiaje hapa?

MamaShani: Kama Sinza ilivyoingia.

Jogoo_la_Shamba: 😂😂 Chuma kapata kutu.

mfamasia_mdogo: Jamani, mkorogo una hoja. "Gome" likipooza muwasho mkali kwa siku mbili tu, shukuni mtu katia steroidi, dawa kali ya kutuliza ngozi inayotiwa pia kwenye mkorogo. Ukiacha, unarudi maradufu, na ngozi imeshakuwa nyembamba.

Chuma_Tandika: Kwanza Sinza maji yenyewe ya kisima, chumvi tupu, ngozi itapona vipi?

MamaShani: Na Tandika mnaoga Kilimanjaro ya chupa?

Mpita_Njia: Samahani, Mmasai mzuri wa mapunye anapatikana wapi? Mwanangu kichwa chote kimeshika.

mfamasia_mdogo: Mapunye yanaingia ndani ya nywele, kupaka peke yake hakutoshi. Mpeleke zahanati wamuone, atahitaji dawa ya kunywa.

Babu_Kifua: Njoo inboksi, mama.