Mke wa mteja wangu ameniomba nisimuuzie mumewe pombe. Nifanyeje?

Dada wa Mtwapa
Wenzangu, naomba ushauri wa kweli. Nina baa ndogo hapa Mtwapa. Leseni ya kaunti iko ukutani, siku za kazi nafungua saa 11 jioni, wikendi saa 8 mchana, na saa 5 usiku nafunga. Watoto hawaingii. Juzi asubuhi mke wa mteja wangu mmoja alinijia nyumbani. Hakuja kwa ugomvi. Alisema tu, "Dadangu, nakuomba mume wangu usimuuzie tena."

Mumewe ni mtu wa bodaboda, mpole, hulipa, hana fujo. Lakini naye hunikuta nafungua mlango na huondoka nikifunga, na siku hizi mikono inamtetemeka mpaka apate chupa ya kwanza. Akitoka hapo anapanda pikipiki.

Sheria sijavunja, na yeye ni mtu mzima. Mbona basi silali? Nikimkatalia ataenda baa nyingine au mangweni kwa wauza mnazi, au anywe chang'aa huko vichochoroni. Nishaurini.

Mzee Bandarini
Dada, usijitwike mzigo usio wako. Leseni ulipewa ya kuuza vileo, hukupewa ya kulea waume za watu. Mtu akinywa kwa pesa zake, kanywa yeye. Ukianza kuuza kwa idhini ya wake, kesho utaambiwa na wazazi na wachungaji nani anywe na nani asinywe.

Karani Mstaafu
Mzee, sheria haisemi hivyo. Ile ya kudhibiti vileo ya 2010, tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inamkataza mwenye leseni kumuuzia mtu ambaye tayari amelewa. Mke hana mamlaka ya kukuzuia, dada, lakini wewe unayo haki ya kukataa, na akishalewa ni wajibu wako.

Ila tusiitarajie sheria ifanye isichoweza. Saa za kufungua, umri wa miaka 18, umbali wa mita 300 kutoka shuleni, vyote hivyo vinaangalia nani aingie, wapi na lini. Anayekunywa kila siku toka saa 11 mpaka saa 5 anaweza kuangamia pasipo kuvunja kifungu hata kimoja. Hilo ndilo linaloniuma mimi.

Na hofu yako ya kumsukumia kwingine ina msingi. Mwaka 2013 serikali ilipopandisha ushuru wa bia ya kegi, ile ya pipa ya bei nafuu, wanywaji wengi wa kipato kidogo hawakuacha pombe, walihamia kwenye ya bei rahisi. Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, spiriti yenye sumu.

Nesi Pwani
Jamani, mbona ile mikono mmeipita? Mtu anayetetemeka mpaka anywe, mwili wake umeshaizoea pombe. Huyo akikatiwa ghafla anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, kuona watu wasiokuwepo, na wengine hufa. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Kwa hiyo dada, usimfungie mlango leo ukadhani umemwokoa, na mkewe asimwage chupa zilizoko nyumbani. Kwanza aonwe na daktari. Ziko dawa za kumtuliza, atapewa vitamini B1, na atakuwa chini ya uangalizi. Mkewe apige 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haina malipo.

Pikipiki ni jambo jingine, hilo halingoji daktari. Majeruhi wa bodaboda nawapokea mimi, na mara nyingi abiria ndiye aliyeumia zaidi.

Binti Kaloleni
Baba yangu alikuwa hivyo. Mama alizunguka baa kuomba kama huyo mama alivyokuomba wewe, wakamcheka. Mwenye baa mmoja tu alimsikiliza. Hakumfukuza baba, ila akawa anachukua ufunguo wa pikipiki na kumpigia kaka yangu simu. Baba hakuacha pombe kwa hilo, lakini alifika nyumbani mzima. Dada, usimcheke huyo mama. Kutoka nyumbani kwake kuja kwako kulimgharimu.

Mzee Bandarini
La ufunguo nakubali, barabara si yake peke yake. Lakini nashikilia kwamba wa kuamua kuacha ni yeye. Zungumza naye mwenyewe, mchana, hajanywa. Msimpange kama mtoto nyuma ya mgongo wake.

Dada wa Mtwapa
Asanteni sana. Kesho nitawaita wote wawili kabla sijafungua, nimwambie mbele ya mkewe. Ufunguo utakaa kaunta. Nikiona amelewa hapati nyingine hata akiweka pesa mezani, na nitawaeleza wahudumu wangu vivyo hivyo. Kwa mkopo pia hapati. Nesi, tuanzie hospitali kubwa au zahanati ya hapa karibu?

Nesi Pwani
Anzeni kituo cha afya cha karibu. Waambieni waziwazi anakunywa kiasi gani, mara ya mwisho alikunywa lini, na kwamba hutetemeka; wakiona haja watampa rufaa. Akianguka degedege, au akianza kuweweseka, msipitie zahanati, mpelekeni hospitali moja kwa moja, iwe ni usiku wa manane.