Vitabu vya Bwana Msa: tufuate mpangilio gani, na Kosa la Bwana Msa tulisome?

FundiNgamiani:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Naomba ushauri juu ya vitabu vya upelelezi vya Bwana Msa, vile vya marehemu Muhammed Said Abdulla. Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani hapa Tanga. Baba yangu naye alikuwa fundi, hata kiti ninachokalia ni chake, ila macho yamemwacha. Jicho moja alipasuliwa mtoto wa jicho, la pili presha ililiwahi. Mwaka jana wakati wa masika, siku zile mvua inanyesha na wateja hawatoki, niliona Mzimu wa Watu wa Kale kwa muuza vitabu vilivyotumika, nikamchukulia. Nikamsomea kurasa mbili tatu ili mchana usimlemee. Ikawa desturi. Sasa kila siku baada ya isha naburuta benchi hadi barazani, nawasha taa, nasoma kwa sauti.

Kwa asiyemjua, Bwana Msa si askari. Askari ni Inspekta Seif. Bwana Msa ni mtu tu wa Unguja, kiko mdomoni, mwenye kutazama na kusikiliza, na rafiki yake Najum hamwachi mkono. Katika kitabu cha kwanza maiti ya Bwana Ali, tajiri mwenye shamba, inakutwa mzimuni, na wapo wanaoamini kwamba hiyo ni kazi ya mzimu wenyewe.

Baba kazaliwa Makunduchi, akavuka kuja Tanga akiwa kijana. Nilipofika kwenye habari za mzimu akaninyamazisha kwa mkono. Akaanza kusimulia yeye: bibi yake alivyokuwa akimwamsha alfajiri na kumshika mkono hadi pangoni, ubani kwenye kigae, vitambaa vyeupe na vyekundu vimefungwa mtini, na alivyokatazwa kugeuka nyuma wakati wa kurudi. Nimekaa naye umri wangu wote sikuwahi kulisikia hilo. Usiku ule hatukusoma tena.

Basi ndivyo tunavyokwenda, polepole. Akishamdhania mtu ananiambia "Funga hapo hapo," na kitabu kinafungwa. Kesho yake siku nzima ofisini ni ubishi, yeye na vijana wangu wawili, cherehani zinalia huku wanataja majina ya watu wa kitabuni kama majirani. Najum akiharakisha kuuliza, Baba anamkemea: "We Najum, mwache mwenzio avute kiko!" Jirani yetu muuza mihogo siku hizi anafunga mapema, anakuja na kigoda chake.

Tumemaliza Mzimu wa Watu wa Kale, Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu. Maswali yangu ni mawili. La kwanza, kuanzia hapa tufuate mpangilio wa miaka au haina maana? La pili ndilo linalonisumbua. Nimepata Kosa la Bwana Msa. Nilipomtajia Baba jina la kitabu alinyamaza, kisha akasema hicho kiweke kabatini. Hataki kumsikia Bwana Msa akikosea. Waliokisoma, nimshawishi au nimwache?

Likoni77:

Mpe mzee salamu kutoka Mombasa. Kwa maoni yangu soma chochote kitakachokuja mkononi, kila kesi inajitegemea. Ila nikwambie ukweli, Bwana Msa namheshimu lakini watu wa vitabu vile wanaongea mno. Mimi nililelewa na Willy Gamba, yule jasusi wa vitabu vya Elvis Musiba. Kufa na Kupona nilikisoma usiku mmoja, adhana ya alfajiri ikanikuta macho. Ukitaka barazani watu washike vichwa, mletee huyo, au mpelelezi Joram Kiango na Nuru wake, wa vitabu vya Ben Mtobwa. Na kama mzee anapenda polisi hasa, mtafutie Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula, cha mwaka 1965, kuna Inspekta Wingo humo.

Bi_Mkunazini:

Marahaba mwanangu, na baba yako mfikishie salamu zangu nyingi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha Kiswahili skuli za hapa Unguja, na hivi vitabu nimevishika tangu msichana.

Kwanza nimjibu mwanangu wa Likoni. Hao wanaoongea mno ndio upelelezi wenyewe. Gamba anasafiri na bastola, leo yuko Nairobi, kesho Kinshasa, na kwake yanafaa. Bwana Msa hana bastola wala ndege. Ana masikio. Mtu anakaa kitako, anaulizwa hali, anaulizwa wa nyumbani, anajibu na kurefusha, na katika kule kurefusha lile neno moja linamtoka. Ukiyaruka mazungumzo ili ufike kwa muuaji, umeliruka jibu. Mzee anayesema "funga hapo hapo" anamsoma Bwana Msa kama inavyotakiwa.

Sasa mpangilio. Kesi hazifungamani, lakini mimi napenda kumfuata mwandishi, kwa sababu miaka yake ina hadithi yake. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ukachapwa 1960. Kisima cha Giningi kimekuja 1968. Kati ya hapo alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima, tangu 1958 hadi alipostaafu hiyo hiyo 1968. Alipotua mzigo wa kazi, kalamu ikafunguka: Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vitabu vinne katika miaka minne! Kisha kimya cha miaka minane, na 1984 ndipo anatupa Kosa la Bwana Msa. Amefariki 1991. Nyinyi mmefika 1973, kwa hiyo Siri ya Sifuri ndiyo zamu yake.

Na Giningi, mwulize baba yako. Sisi tuliokulia visiwani tumetishwa na Giningi tangu utoto, huko ndiko wachawi wanakokutana. Mwandishi anachukua jina ambalo kila mtoto anaingia nalo chini ya shuka, halafu anamleta mtu na kiko chake kuuliza nani alikuwa wapi saa ngapi. Siku nilipolisoma hilo nikiwa darasani, nililala bila taa kwa mara ya kwanza.

Kuhusu Kosa, usimlazimishe. Lakini mwambie mambo mawili. Marehemu alizaliwa Makunduchi, mwaka 1918. Ni mtu wa kwao. Na la pili, chukua herufi za mwanzo za majina yake matatu, Muhammed Said Abdulla, uziweke pamoja.

Likoni77:

Bibi, hilo la herufi nimelitazama sasa hivi nikasimama. Vitabu ninavyo miaka yote na sikuliona. Kisima cha Giningi nakirudia wikendi hii, polepole.

FundiNgamiani:

Bi Mkunazini, Mungu akuzidishie. Ndugu wa Likoni, Simu ya Kifo nakitafuta.

Jana nilimsomea Baba majibu yenu yote, neno kwa neno. Ulipotajwa Makunduchi alipiga paja. Aliuliza ni upande gani wa Makunduchi, sikuwa na jibu. Akaanza kuhesabu wazee wa pale anaowakumbuka, mmoja mmoja kwa vidole, akitafuta ni nani angeweza kumjua mtu aliyezaliwa 1918.

Nilipofika kwenye zile herufi hakusema kitu. Aliniambia nizirudie taratibu. M. S. A. Akapapasa mezani hadi akaipata chaki ya kuchorea nguo, akavuta kipande cha shiti kilichobaki kwenye suruali ya mteja, akaziandika kubwa kubwa, moja ikapanda juu ya nyenzake. Akapitisha kidole juu yake mpaka chaki ikafutika.

"Kumbe ni mwenyewe," akasema. Kisha: "Basi na kosa lake kalisema mwenyewe. Hilo nitalisikiliza."

Ila lisiruke foleni, amesisitiza. Leo tunaanza Siri ya Sifuri. Muuza mihogo keshaleta kigoda.